Mbwa wangu jike wa miezi mitano: UTI inapona, inarudi, inapona, inarudi. Nifanyeje?

Mama Chipsi wa Ipuli (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nina mbwa jike anaitwa Asali. Mama yake German Shepherd, baba hajulikani, ila ukimtazama masikio unajua baba ni wa huku huku Ipuli. Nilimchukua ana wiki nane, sasa ana miezi mitano na siku kadhaa. Nilimtaka kwa ulinzi maana kibanda changu cha chipsi kiko uani na mtungi wa gesi umeshaibwa mara mbili.

Hata hajamaliza wiki mbili hapa nikaona nywele za kule nyuma zimegandana, ute wa njano unanata kama gundi. Anajilamba kutwa. Lakini anakula, anacheza, anatafuna ndala za watoto, huwezi kumwita mgonjwa. Nikaenda duka moja la dawa za mifugo. Muuzaji hakuuliza hata mbwa ana umri gani, akanipa penstrepi, ile antibayotiki ya kuchoma, na mabomba ya sindano, kijana wa jirani akamchoma siku tatu. Ute ukakauka. Baada ya wiki mbili ukarudi.

Alipofika miezi minne yakaja mengine. Anachuchumaa, linatoka tone, anasogea hatua mbili, anachuchumaa tena. Mkojo unanuka shombo, na siku moja kwenye sakafu ya saruji nikaona wekundu. Nikampa amoksilini za watoto zilizobaki ndani, siku ya tatu akachangamka, nikaacha. Wiki tatu hazijaisha, tatizo lile lile. Nikampa tena, safari hii zikawa kama maji. Na kwa kuwa alikuwa anakojoa ovyo nikaona nimpunguzie maji, anakunywa asubuhi na jioni tu.

Sasa jirani ananiambia ninunue sipro (siprofloksasini) duka la dawa, itamaliza kazi. Mume wangu anasema tumrudishe alikotoka. Watoto wamelia mpaka wamelala bila kula. Naombeni msaada, hasa mlioko Tabora mnaojua wapi pa kwenda.

Tumbaku Moja

Nchi hii bwana. Ukienda zahanati unaumwa kidole unaambiwa una UTI na taifodi. Leo zamu ya mbwa imefika. Pole dada, naweka kambi hapa nasubiri wataalamu.

Kijana wa Isevya

Mama Chipsi unajisumbua. OTC (oksitetrasaiklini) ya asilimia 20, choma paja mara moja tu, kesho kutwa unaleta mrejesho. Mimi ng'ombe, mbuzi, mbwa, wote dawa ni hiyo hiyo.

Mgebuka Mkavu

Niko Mwanga, Kigoma. Dada, wa kwangu alikuwa na huo ute wa njano mwaka juzi, vile vile unavyoeleza, akiwa na miezi mitatu. Nilipoteza hela nyingi. Mwisho daktari mmoja akaniambia acha dawa zote, msafishe tu, subiri apande joto (aanze kutaka dume) mara ya kwanza. Nikamwona kama hataki kazi. Alipopanda joto na kumaliza, ute ukaisha mpaka leo. Ila wangu hakuwahi kukojoa damu wala matone. Hapo ndipo sisi wawili tunapoachana.

Kijana wa Isevya

Kwa hiyo asubiri mbwa akiwa anaoza?

Bwana Mifugo Mstaafu

Nimekaa kimya nikisoma, naona sasa niingie. Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi, na nilisomea.

Kijana wa Isevya, ng'ombe wako nawaheshimu, ila usimpe mtoto wa mbwa OTC. Ni jamii ya tetrasaiklini, inakwenda kukaa kwenye meno yanayoota na kuyaacha na rangi ya kahawia maisha yake yote. Miezi mitano ndiyo wakati mbwa anabadilisha meno. Na wewe Mama Chipsi, hiyo sipro usiinunue. Dawa za ukoo huo zinaharibu gegedu, ile mifupa laini ya kwenye viungo, kwa mbwa anayekua, na huyo wako ana damu ya mbwa mkubwa, atakua kwa muda mrefu. Isitoshe, sipro ya vidonge tumbo la mbwa hulichukua kwa kiasi kisichotabirika, leo nyingi kesho kidogo. Na kwa kuwa naona mkono wako ni mwepesi wa kufungua kabati la dawa za watu: dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usijaribu kabisa, figo na tumbo la mbwa haviziwezi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Unaita UTI, lakini mimi naona magonjwa mawili yamevaa kanzu moja.

Ule ute wa wiki za mwanzo ni uvimbe wa uke wa watoto wa mbwa. Unawapata majike ambao hawajapanda joto, na mwenye nao anakuwa mzima kabisa, anacheza kama ulivyosema. Kwa wengi huisha wenyewe baada ya joto la kwanza, ndiyo maana daktari wa Mgebuka Mkavu alimwambia asubiri. Hakuwa mvivu. Penstrepi ilikausha ute kwa muda, lakini haikuwa na cha kuponya.

Huku kuchuchumaa na matone na damu ni kibofu. Hiyo ni habari nyingine, na hiyo ndiyo inayotaka dawa. Ila dawa gani, kwa siku ngapi, na kwa nini inarudi? Mara moja ni bahati mbaya, jike ana mrija mfupi wa mkojo na bakteria wa kinyesi wako jirani hapo. Ikifika mara mbili ndani ya miezi sita, au mara tatu kwa mwaka, sisi tunaiita ya kujirudia, na ya kujirudia unatafuta mlango inapoingilia. Ukiendelea kumwaga dawa bila kuuona huo mlango unafundisha bakteria kuogelea.

Naomba unijibu haya kabla sijaendelea. Akilala, anaamka sehemu aliyolala ikiwa imelowa? Anafungiwa saa ngapi hadi saa ngapi? Ana unene gani? Na ukimgeuza ukatazama uke wake kwa nje, unaonekana wazi au umefunikwa na mkunjo wa ngozi?

Mama Chipsi wa Ipuli

Shikamoo mzee. Asante kwa kunijibu kwa kirefu hivi.

Akilala halowi, ni mkavu. Anafungiwa bandani tangu saa mbili usiku mpaka saa moja asubuhi, maana mchana uani kuna wateja nao wanamwogopa, kwa hiyo mchana napo anakaa kwenye mnyororo. Unene... mzee, mimi ni muuza chipsi. Wateja wanamtupia, watoto wanamtupia, na mimi namwekea ugali na dagaa. Ni mviringo kidogo.

La mwisho nilijibu baada ya kumshika na binti yangu. Huwezi kuona kitu mpaka uvute ngozi kwa vidole viwili. Nilipovuta ndani pamekuwa pekundu kama nyanya iliyoiva, pamelowa, harufu usiseme. Mzee nilikaa chini. Miezi mitatu mbwa yuko kwangu na sijawahi kutazama.

Bwana Mifugo Mstaafu

Marahaba mama. Usijilaumu, hata muuzaji wa dawa hakutazama, na yeye ndiye aliyekula hela.

Huo ndio mlango. Uke wake umezama, ngozi imeufunika kama kofia. Kila akikojoa yanabaki matone chini ya mkunjo, ngozi inalowa, inachubuka, bakteria wanazaana, na njia ya kwenda kwenye kibofu ni fupi. Unene unaongeza mkunjo. Kufungiwa kwa muda wa saa kumi na moja ni mateso kwa kibofu cha mtoto, mkojo unakaa ndani kama maji ya dimbwi. Na kunyimwa maji ndiyo kabisa! Mkojo ukiwa mzito hausafishi kitu. Mrudishie maji leo hii, bakuli lijae muda wote.

Kukauka kwake akilala ni habari njema, nitaeleza baadaye kwa nini niliuliza.

Fanya haya ukiwa unatafuta daktari. Asubuhi na jioni: maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, pamba safi, vuta ngozi, futa ndani ya mkunjo taratibu, halafu pamba kavu mpaka pakauke. Kukausha ndiko kwenyewe. Nywele ndefu za hapo zipunguze kwa mkasi wenye ncha butu, binti amshike kichwa. Mtoe akojoe kabla ya kulala, kati ya usiku mara moja, na alfajiri mapema. Chipsi marufuku.

Kijana wa Isevya

Mzee nimekubali kwenye meno. Lakini kwa nini asioshe kwa Dettol akamaliza? Au chumvi na limau.

Bwana Mifugo Mstaafu

Wewe kijana umechubuka mahali, jioshe kwa limau na chumvi, kisha utuletee mrejesho.

Tumbaku Moja

😂😂😂 Mzee!

Mgebuka Mkavu

Kuna mtu wa Sikonge aliwahi kuniambia nipake asali. Na nyie Tabora asali mnayo ya kumwaga.

Bwana Mifugo Mstaafu

Asali kwenye kidonda ni kitu chenye maana yake, siipingi. Ila hapo mbwa ataila yote kwa ulimi dakika ileile, na atakacholamba ni pamoja na kidonda. Kujilamba ndiko tunakotaka kupunguza. Tena usisahau sisimizi, asali inawaita.

Salma wa Kanyenye

Naomba kuuliza nje kidogo ya mada. Wangu anaburuta makalio chini, naye anajilamba sana. Ni hii hii?

Bwana Mifugo Mstaafu

Hapana bibie. Kuburuta makalio mara nyingi ni tezi za pembeni ya njia ya haja kubwa zimejaa, au minyoo ya tegu. Tazama kinyesi na nywele za hapo kama kuna vipande kama punje za mchele. Fungua uzi wako tusimchanganye Mama Chipsi.

Mama Chipsi wa Ipuli

Wakuu nimerudi na mrejesho. Imepita wiki moja na siku mbili.

Nilipata daktari wa mifugo wa binafsi hapa mjini, kijana mdogo lakini mtulivu. Jambo la kwanza alivuta ngozi akatazama, nikajua nimefika. Nilikuwa nimebeba mkojo kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi nilichokiosha vizuri, nikajiona mjanja. Akakikataa. Anasema mkojo wa kuchota chini ya mbwa umepita kwenye ule uchafu wote wa uke, ukiupeleka maabara wataona usaha na bakteria hata kama kibofu ni safi, halafu mbwa ananyweshwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Nikakumbuka kanzu moja ya mzee.

Akachukua wa moja kwa moja kwenye kibofu. Mzee hukunionya! Ni sindano nyembamba inayopita tumboni. Nilifumba macho, binti yangu ndiye alimshika. Asali mwenyewe alishtuka kidogo tu, akabaki anamlamba daktari mkono. Kabla ya hapo alimpitisha ultrasaundi ya kubebeka kutazama kibofu, akasema hakuna mawe. Kumbe wapo bakteria wanaosababisha mawe kwenye kibofu, nilikuwa sijui.

Mkojo ukawekwa kwenye chombo cha barafu, nikaupeleka mwenyewe kwa bodaboda maabara moja ya binadamu ambayo daktari alishaongea nao. Dada wa mapokezi akauliza mgonjwa anaitwa nani. Nikasema Asali. Umri? Miezi mitano na nusu. Akaandika. Mpaka naondoka sikuwa na uhakika kama alielewa.

Majibu ya kuotesha bakteria yalitoka siku ya tatu: E. koli, bakteria wa kwenye utumbo. Amoksilini haimtishi. Tetrasaiklini haimtishi. Sipro inamuua lakini daktari akasema hiyo hapana, kwa maneno yale yale ya mzee kuhusu gegedu. Kuna amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti, hiyo inamuweza. Ndiyo tunayotumia, siku kumi, kwa saa alizoniandikia. Vipimo na kila kitu niliacha 60,000. Nikipiga hesabu ya vile vya dukani miezi mitatu, nilishaipita hiyo hela.

Kijana wa Isevya

Kwa hiyo angepigwa OTC isingefanya kitu. Sawa, nimeelewa. Mzee usiniseme tena.

Bwana Mifugo Mstaafu

Sikusemi. E. koli ndiye mwenyeji wa kesi hizi, kwa mbwa na kwa watu. Na hilo la amoksilini kushindwa, mama, huenda tulilisaidia wenyewe kwa kuacha dawa siku ya tatu, au alikuja nalo tayari, huwezi kujua. Siku kumi ni kumi. Hata akirukaruka siku ya nne.

Muulize daktari kama ataotesha tena wiki moja hivi baada ya dawa kuisha. Kwa mbwa ambaye ugonjwa umemrudia mimi ningependa kuona kibofu kweli ni safi, siyo dalili tu zimenyamaza.

Salma wa Kanyenye

Na kumfunga kizazi je? Nasikia wakifungwa matatizo ya uke yanaisha.

Bwana Mifugo Mstaafu

Bibie, kwa huyu ni kinyume. Akipanda joto la kwanza homoni ya estrojeni inakuza uke, mashavu yanajaa, mara nyingi unajitokeza nje na mkunjo unapungua. Ukimfunga kabla, unamfungia na ule udogo wake. Kwa mbwa mwenye uke uliozama au ute wa utotoni, wengi wetu tunashauri asubiri joto la kwanza lipite. Baada ya hapo afungwe miezi miwili mitatu mbele, kama mwenyewe hataki watoto wa mbwa, maana jike asiyefungwa naye ana lake: usaha kwenye kizazi, unaokuja wiki kadhaa baada ya joto, na huo unaua. Akikua na mkunjo ukabaki vile vile, kuna upasuaji wa kukata hiyo ngozi. Ila huwa tunaanza na subira.

Mama Chipsi wa Ipuli

Mrejesho mwingine wakuu, najua mlishasahau. Asali ana miezi kumi na nusu.

Dawa zilimaliza siku kumi. Kuotesha mara ya pili hakukuota kitu. Ute wa njano uliendelea kidogo kidogo, nikashika uzi wa Mgebuka Mkavu, nikasafisha na kukausha, sikugusa duka la dawa. Kuamka usiku ndiko kulinitesa. Mume wangu, yule aliyesema arudishwe, ndiye sasa anamtoa saa nane usiku. Anasema anamtoa kwa sababu hata yeye anaamka kukojoa. Chipsi tulibandika karatasi kibandani: USIMPE MBWA CHAKULA. Wateja wakaanza kumpa soda. Tukabandika nyingine.

Alipofikisha miezi tisa na nusu akapanda joto. Jamani. Sikujua Ipuli ina madume kiasi kile. Wamelala getini wiki tatu, wengine nadhani walitoka Cheyo. Jirani yangu mzee wa msikitini, mtu mpole sana, alinijia na kuniambia kwa upole: mwanangu, leo nimeshindwa kutoka kwenda swala ya alfajiri. Niliona aibu, nikawa natoka mimi kwanza na fimbo kumfungulia njia. Asali alilala ndani, chumba cha stoo, na nje alitoka kwa kamba tu.

Sasa ni wiki ya nne tangu lianze, na joto limeisha. Nimetazama kule nyuma kwa macho bila kuvuta ngozi, panaonekana. Ngozi ya pembeni bado ipo kidogo lakini ni kavu na haina wekundu. Ute hakuna. Kibofu tangu zile siku kumi hakijasumbua. Daktari amenipa tarehe ya kumfunga kizazi, na ameniambia nikimwona anakunywa maji sana, hali chakula au anatoa usaha kabla ya hapo nisingoje tarehe.

Mzee, Mungu akuweke.

Mgebuka Mkavu

Hongera dada. Wateja wa soda niletee Kigoma niwape migebuka.

Tumbaku Moja

Ulisema utaeleza kwa nini uliuliza kuhusu kulala, mzee. Bado nipo kambini.

Mhangaza wa Kasulu

Nami ndilo lililonileta. Shikamoo mzee. Nina kajike ka Labrador, wiki kumi na mbili. Ameshatibiwa UTI mara mbili. Huyu wangu anakojoa kawaida kabisa, lakini matone hayaishi, hata akitembea. Miguu ya nyuma imeungua na mkojo tangu nilipomleta.

Bwana Mifugo Mstaafu

Marahaba. Hiyo siyo kesi ya Asali, na ndiyo sababu niliuliza kuhusu kulala. Jike anayevuja tangu mdogo, anayelowa akiwa usingizini ilhali anaweza pia kukojoa kawaida, namshuku mrija mmoja wa kutoka kwenye figo umeingia pasipo pake, umeruka kibofu na kutokea mbele zaidi. Ni kasoro ya kuzaliwa, na Labrador ni mmoja wa wanaojulikana kuwa nayo. UTI hapo inarudi kwa sababu mfumo wenyewe umeharibika, dawa haitahamisha mrija. Inatakiwa ultrasaundi ya mtu mzoefu au picha yenye dawa ya kuonyesha njia, na dawa yake ni upasuaji. Daktari wa hapo Kasulu akiona ni hivyo ataweza kukuandikia uende hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ni mbali, najua. Kwanza thibitisha: mlaze mahali pakavu, mtazame akiamka.

Mhangaza wa Kasulu

Nimetoka kumtazama sasa hivi mzee. Amelala juu ya gunia. Chini yake pamelowa duara la ukubwa wa sahani.

Bwana Mifugo Mstaafu

Basi leo usimpe dawa yoyote. Mfute, mkaushe, mpake mafuta mazito ya mgando miguuni ngozi isiendelee kuungua. Kabla hujaliondoa hilo gunia lipige picha, kesho uende nayo kwa daktari.